Kanda ya mama niliyoivuta kwa hasira

Desemba mwaka 2024 nilifika nyumbani Ijumbi, wilayani Muleba, saa kumi na moja jioni nikiwa nimelowa mvua. Bibi alikuwa jikoni anamenya ndizi. Baba alikuwa hajarudi kutoka shambani. Nilipouliza mdogo wangu yuko wapi, Bibi akaelekeza kidevu kwenye chumba cha uani.

“Yuko huko na maredio yake,” akasema.

Nikavuka ua. Kabla sijafika mlangoni, nikamsikia mama akicheka.

Mama yetu alifariki mwaka 2013.

Nilisimama kwenye matope, begi mkononi. Kicheko kikaisha, ukafuata mkwaruzo, kisha sauti yake ikasema maneno machache ya Kihaya, kisha kicheko kikaja tena. Kilikuwa kilekile, kinaanzia palepale na kuishia palepale. Halafu tena. Halafu tena.

Nikasukuma mlango. Mdogo wangu, wakati huo akiwa na miaka 14, alikuwa amekaa sakafuni, amenipa mgongo. Mbele yake kulikuwa na redio kaseti mbili zilizong'olewa vifuniko, nyaya zikiwa nje. Kati yake utepe wa kahawia ulikuwa unatembea hewani taratibu. Ulitoka kwenye redio ya kwanza, ukapita kwenye ya pili, ukazunguka penseli iliyochomekwa kwenye kipande cha mgomba, ukarudi ulikotoka. Haukuwa na mwanzo wala mwisho.

Mimi niliona jambo moja tu: ameikata kanda ya mama.

Sikuuliza. Niliinama, nikaushika ule utepe na kuuvuta. Ukanyooka, ukakunjika, ukakatika. Redio moja ikameza kipande kilichobaki. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Hakulia wala hakunijibu kwa ukali. Aliinuka, akazima redio zote mbili, akasema, “Dada, ungeuliza kwanza.” Kisha akatoka kuelekea migombani, mvua ikimnyeshea.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Nimeshaandika mara nyingi jinsi ya kuzungumza na kijana anayebalehe. Siku ile sikukumbuka hata sentensi moja ya yale niliyoyaandika.

Kaseti moja tu

Ili uelewe hasira yangu, ndugu msomaji, lazima nikueleze kaseti hiyo ilikuwa nini kwetu.

Walio na umri mkubwa kidogo watakumbuka kwamba kabla simu za mkononi hazijafika kila kijiji, kaseti ilikuwa pia barua. Mtu aliazima redio yenye kitufe chekundu cha kurekodi, akazungumza mpaka upande wa kwanza uishe, akageuza. Kaseti ikafungwa kwenye bahasha na kukabidhiwa msafiri. Huko ilikofika, ukoo mzima ulikaa kusikiliza.

Mwaka 2003 mama alimrekodia mjomba, aliyekuwa Dar es Salaam, barua ya namna hiyo. Nilikuwa na miaka sita. Alimweleza habari za kahawa, za mvua, za ndama aliyezaliwa. Alimuuliza, “Mnaendeleaje huko?” kisha akanyamaza kidogo, kama mtu anayesubiri jibu. Halafu akaniita nimsalimie mjomba. Nilikataa. Niliona aibu kusema na redio. Kwenye kanda anasikika akiniambia, “Msalimie mjomba wako,” kunakuwa kimya, anarudia, kimya tena, ndipo anapoangua kicheko na kusema tufanye haraka, betri za watu zinaisha.

Ni hicho kicheko.

Miaka kumi baadaye, mama alipata kiharusi. Shinikizo lake la damu lilikuwa juu kwa muda mrefu na hatukujua, kwa sababu hakuwahi kupima. Alipooza upande wa kulia na maneno yakamtoka. Alituangalia, akafungua mdomo, sauti ikatoka bila neno. Siku kumi na moja zilipita hivyo, kisha akafariki. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitatu.

Mjomba alipokuja msibani alikuwa na ile kaseti mfukoni. Tangu siku hiyo ndiyo sauti pekee ya mama tuliyo nayo. Hakuna video. Hakuna ujumbe wa simu.

Bibi akatoa mfuko

Usiku ule mdogo wangu alirudi, akala bila kuniangalia, akaenda kulala. Bibi akaniita jikoni. Alikuwa anatafuna kahawa, kama afanyavyo akitaka kusema jambo zito.

“Mjukuu wangu, ulimuuliza?”

Nikanyamaza.

Akanyoosha mkono juu ya kabati, akashusha kopo la maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko kitambaa, ndani ya kitambaa kaseti ya mama, nzima. Vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti vilikuwa vimevunjwa. Nilidhani ni uharibifu mwingine. Bibi, ambaye hajui kusoma, ndiye aliyenielewesha mimi niliyetoka chuo kikuu: ukivunja vijino hivyo, redio haiwezi tena kurekodi juu ya kaseti hiyo kwa bahati mbaya.

“Ameniambia nisiiweke karibu na spika, zina sumaku,” Bibi akasema. “Na isikae karibu na moshi. Aliinakili kwanza. Alichokata ni nakala.”

Watu hututania sisi Wahaya kwamba tumesoma sana. Usiku ule nilijiona msomi asiyejua kitu.

Alichokuwa anakitengeneza

Mdogo wangu hakuzungumza nami kwa siku mbili. Siku ya tatu senene walianguka kwa wingi, na kazi ya kuwatoa mbawa na miguu haina mkubwa wala mdogo. Tulikaa na sinia moja kati yetu. Nikamwambia, “Nilikosea. Nilipaswa kukuuliza. Nisamehe.” Sikumbuki kama niliwahi kumwambia hivyo kabla. Kwetu mkubwa hupika chai au hununua kitu, na hiyo huhesabiwa kuwa ndiyo samahani.

Aliendelea na senene kwa muda. Kisha akaanza kunieleza, na nikaona kwamba alikuwa amesubiri kuulizwa kwa miezi mingi.

Kaseti, alisema, hupitisha utepe mbele ya hedi kwa mwendo usiobadilika, karibu sentimita 4.76 kwa sekunde. Ukikata kipande cha sentimita 24 na kuunganisha ncha zake, unapata kitanzi kinachojirudia kila baada ya sekunde tano, na kinaenea ndani ya kaseti yenyewe. Ukitaka kirefu zaidi, unautoa utepe nje na kuuzungusha kwenye kitu. Kile cha mama kilikuwa na sentimita 119. Sekunde 25.

Redio alizipata kwa fundi mmoja pale senta. Alikuwa akimfagilia kibanda siku za Jumamosi, naye akampa redio mbovu. Kwenye waya wa mota ya redio moja alifunga volyumu iliyong'olewa kwenye redio nyingine. Akiizungusha, mota inapunguza mwendo na sauti inakuwa nzito na ndefu: kicheko kinageuka kitu kama ng'oma, jogoo anakuwa mzee anayeguna. Kwenye redio ya tatu aliweka kitanzi cha sekunde saba chenye mvua ya kwenye bati. Kwa kuwa vitanzi viwili havina urefu sawa, kila mzunguko vinakutana mahali tofauti. Mvua inamwangukia mama mwanzoni mwa kicheko, mzunguko unaofuata inamwangukia katikati. Hakuna anayepanga. Unasikiliza tu na wimbo unajibadilisha wenyewe.

“Kwa hiyo ni wimbo?” nikamuuliza.

“Mimi nauita wimbo. Baba anauita kelele.”

Ndipo nilipomuuliza swali nililoliogopa. Kilichokatika siku ile, kilikuwa nini hasa?

Kwenye redio hizi za bei nafuu, kabla utepe haujafika kwenye hedi ya kurekodi, hupita kwenye kisumaku kidogo kinachofuta sauti ya zamani. Alikuwa amekitoa. Redio ikirekodi bila kisumaku hicho, sauti mpya hukaa juu ya ile ya zamani, nayo ya zamani hubaki chini yake, hafifu kidogo. Alichukua pale mama anapouliza, “Mnaendeleaje huko?” na kwenye ule ukimya unaofuata, akaweka sauti yake.

“Nilimjibu,” akasema. “Nilisema, tunaendelea vizuri, mama.”

Alianza likizo ya Juni na akaongeza sauti jioni moja baada ya nyingine. Kwenye tabaka za mwanzo sauti yake ilikuwa bado ya kitoto. Kufikia Desemba ilikuwa imeshavunjika. Kwenye kitanzi kilekile, katika ukimya uleule, mtoto alikuwa anamjibu mama yake, na kijana naye anajibu juu yake.

“Nyingine naweza kutengeneza,” akasema. “Ile sauti ya kwanza sina tena.”

Mwandishi wa afya anajua kwa nini. Kijana anapobalehe, koo la sauti hukua na nyuzi zake hurefuka na kunenepa, na sauti haiwezi kurudi ilikokuwa. Hayo nilishayaandika. Sikuwahi kufikiri kwamba naweza kuwa mtu aliyefuta nakala ya mwisho ya sauti hiyo.

Si yeye tu

Niliporudi kazini nilifanya ninachojua kufanya: nilitafuta habari. Nilitaka kujua kama kuna watu wengine wanaofanya muziki kwa njia hii, au kama mdogo wangu amejifungia tu na huzuni yake.

Kaseti tunayoijua ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, lakini wazo la kutengeneza muziki kwa sauti zilizorekodiwa ni la zamani zaidi, na mmoja wa wa kwanza kabisa ni Mwafrika. Mwaka 1944, jijini Cairo, kijana wa Misri aitwaye Halim El-Dabh aliazima mashine iliyorekodi kwenye waya wa chuma, akaingia nayo kwenye zaar, ngoma ya uponyaji ya wanawake. Kisha akazipitisha sauti zile kwenye vyumba vyenye mwangwi, akapunguza hiki na kukuza kile mpaka ukabaki mvumo wa sauti za wanawake usiofanana na kitu kingine. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla ya Mfaransa Pierre Schaeffer kufanya majaribio yake maarufu jijini Paris. Mimi niliyesomea habari za afya nilisimama hapo: moja ya kazi za kwanza za muziki wa namna hii ilitokana na watu waliokuwa wanatafuta nafuu.

Karibu nasi zaidi yuko Joseph Kamaru wa Nairobi, anayejulikana kama KMRU. Hutengeneza muziki kwa sauti za mazingira, mvumo wa mitambo na rekodi za kale; albamu yake ya Peel ilitoka mwaka 2020. Babu yake, ambaye alirithi jina lake, alikuwa mwanamuziki mkubwa wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Mjukuu amekuwa akizisafisha rekodi za babu na kuzitoa upya ili zisikike tena. Mwaka 2022 alitoa kazi iitwayo Temporary Stored, iliyotokana na rekodi za Afrika zilizohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji. Kwa maneno mengine, ni kijana aliyekaa na sauti za waliotangulia na kuuliza azifanyie nini.

Na hapa kwetu? Tunaucheza kila siku bila kuujua. Singeli ilizaliwa uswahilini Dar es Salaam kwa vijana waliochukua vipande vya taarabu, wakaviongeza kasi na kuvirudia rudia mpaka vikawa kitu kipya. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi hizo kwenye albamu ya Sounds of Sisso, na dunia ikageuka kusikiliza. Kabla ya hapo mchiriku ulijengwa juu ya vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vilivyounganishwa upya na mafundi wa mtaani. Tumezoea kusema hizo ni kelele za vijana. Wengine wanaziita sanaa na kununua tiketi.

Nilimpigia simu mdogo wangu nikamsimulia yote. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha akasema, “Kwa hiyo siko peke yangu.”

Bibi naye alikuwa na lake. Nilipomweleza habari za vitanzi, akacheka. Akasema mpiga enanga wa zamani alikuwa akifanya hivyohivyo: anashika mlio mmoja kwenye nyuzi zake, anaurudia na kuurudia mpaka watu wanyamaze na miili itulie, ndipo anapoanza kusimulia habari za watawala na mashujaa. Profesa Mugyabuso Mulokozi alizifanyia tenzi hizo za enanga utafiti wake wa shahada ya uzamivu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1986. “Bila kurudia,” Bibi akasema, “mtu hasikii.”

Kurudia kuna kazi yake

Maneno hayo ya Bibi yalinirudisha kwenye kitanda cha mama.

Kwa watu wengi, uwezo wa kusema hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, na kiharusi kikipiga hapo maneno hupotea. Lakini baadhi ya wagonjwa wasioweza kusema neno bado wanaweza kuliimba. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, walieleza njia ya tiba inayotumia jambo hilo: mgonjwa hufundishwa kifungu kifupi, kama “nataka maji”, kwa sauti ya wimbo, huku akigongagonga kwa mkono wa kushoto, mara nyingi sana, mpaka wimbo uanze kubeba maneno. Haimfai kila mgonjwa na inahitaji mtaalamu na muda. Sisi hatukuwa na kimoja wala kingine, na sisemi kwamba ingemwokoa mama. Ila siku kumi na moja tulikaa naye kimya tukidhani kumsemesha ni kumsumbua. Leo ningemwimbia.

Jambo la pili nililojifunza linawahusu wanaolea mtoto aliyefiwa. Tulidhani mdogo wangu hakuumia kwa kuwa alikuwa mdogo mno. Mtoto aliyefiwa akiwa na miaka mitatu huweza kuomboleza upya kila anapofika hatua mpya ya ukuaji: akianza shule, akibalehe, akiolewa au kuoa. Si lazima alie. Anaweza kuwa mkali, akashuka darasani, akajitenga. Anaweza pia kufungua redio mbili na kukaa nazo miezi sita.

Ukimwona anarudia jambo moja tena na tena, usikimbilie kukataza. Kaa karibu. Muulize, “Hii ni nini? Hebu nionyeshe.” Ukiona halali, hali, hataki watu au anasema maisha hayana maana, hapo mpeleke kituo cha afya akaonwe na mtaalamu. Wetu alikuwa anakula, anasoma, anacheza mpira, na jioni anakaa na mama yake. Alikuwa salama kuliko sisi tuliokuwa hatumtaji kabisa.

Kama kuna kaseti nyumbani

Tangu tukio lile marafiki kadhaa wameniuliza la kufanya na kaseti zilizolala kabatini. Haya ndiyo niliyofundishwa na mdogo wangu pamoja na fundi wake.

Vunja vijino vya mgongoni kwanza. Usiijaribu kaseti ya thamani kwenye redio usiyoijua. Jaribu kaseti ya kawaida kwanza, maana redio chafu hula utepe. Safisha hedi kwa pamba yenye spiriti kidogo na uiache ikauke. Kisha icheze mara moja, uinakili kwenye kompyuta au simu kwa waya, na uweke nakala mahali pawili. Kaseti yenyewe isikae juani, kwenye unyevu wala karibu na spika. Kila unapoicheza inachakaa kidogo, kwa hiyo cheza nakala. Kama utepe umekatika, usitumie selotepu ya dukani, gundi yake hutoka pembeni baadaye na kunasa kwenye hedi. Mpelekee fundi.

Kama mtoto wako anapenda kufungua redio, mwache afanye kwa betri, kamwe si kwa umeme wa ukutani. Wengi hatujali ile risasi ya kuunganishia nyaya. Jina lake linasema ukweli: mara nyingi ina madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Afanyie kazi hiyo penye hewa, mbali na chakula na wadogo zake, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Na anaposikiliza kwa vifaa vya masikioni, sauti isizidi kadiri: kiwango ambacho shirika hilo linakitaja kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa lugha ya nyumbani, kama ukimwita kwa sauti ya kawaida ukiwa karibu naye na hakusikii, apunguze.

Baba, kwa upande wake, alimwekea sharti moja: redio baada ya masomo. Nilimuunga mkono. Mdogo wangu amelishika, ingawa si kila siku.

Kitanzi kipya

Juni mwaka huu nilirudi tena Ijumbi. Mdogo wangu alinisubiri na redio zake mezani, safari hii sebuleni. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anajifanya anasoma kalenda.

“Dada,” akasema, “nimekata nakala nyingine. Ile sehemu mama anayokuambia umsalimie mjomba. Ule ukimya bado uko wazi.”

Nilielewa anachotaka, na aibu ileile ya miaka sita ikanirudia. Akabonyeza kitufe. Utepe ukaanza kuzunguka penseli. Mama akasema, “Msalimie mjomba wako.” Nikakosa la kusema. Utepe ukazunguka, akarudia kuniambia, nikakosa tena. Kwenye mzunguko wa tatu nikainama kwenye kinasa sauti, nikasema, “Shikamoo mjomba.” Kikafuata kicheko chake.

Tuliusikiliza mpaka betri zilipoanza kuchoka na sauti yake ikawa nzito. Baba akainuka, akaenda chumbani, akarudi na betri nne mpya alizotoa kwenye tochi yake.